Urani Iliyotembea kwa Miguu Yangu

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipelekwa kaskazini mwa Chunya, kwenye pori la miombo linaloelekea Rungwa, kutafuta dalili za urani. Tulikuwa watatu: mimi, mtoto wa Iringa niliyetoka chuoni na daftari limejaa, dereva wa Tukuyu, aliyepakia mkungu mzima wa ndizi kwa hoja kwamba upande ule hakuna chakula cha kueleweka, na mpishi, mzee wa Makongolosi ambaye ujana wake uliishia katika mashimo ya dhahabu ya Lupa, na ambaye hakuyaamini madini yasiyong'aa.

Kifaa changu kilikuwa sintilomita, mashine ya mkononi yenye fuwele ndani yake. Mwale wa gama, yaani mionzi isiyoonekana inayotoka kwenye madini kama urani, ukiipiga fuwele hutoka mmweko mdogo, na mashine huhesabu mimweko hiyo kwa kila sekunde. Kasoro yake, niliyoiandika daftarini na kuipigia mistari miwili kisha nikaisahau, ni kwamba huhesabu bila kuuliza mwale umetoka kwa nani: uwe wa urani, wa thoriamu au wa potasiamu, kwake yote ni mamoja.

Siku mbili za mwanzo ilisoma 90, ikasoma 100, ikarudi 90, huku ndorobo wakininyonya damu bila kupumzika. Jioni, kwa kukosa cha kujivunia, nilimhadithia dereva habari za Athabasca, kaskazini mwa Saskatchewan huko Kanada, ambako barafu ya kale iliyaburuta mawe yenye urani mbali na mwamba wake, na watafiti wakawa wanayafuata mawe hayo kurudi yalikotoka. Nikamweleza na hazina ya urani ya huko huko iitwayo Cigar Lake, iliyogunduliwa mwaka 1981 ikiwa imelala zaidi ya meta 400 chini ya ardhi.

"Na barafu yetu sisi iko wapi, bwana mtaalamu?" aliuliza, akimenya ndizi.

Asubuhi ya siku ya tatu mpishi aliniita pembeni. Sanduku la jikoni lilikuwa linavuja mafuta ya taa, naye alikuwa na kifurushi cha visoksi vya karabai, vile vitambaa vyeupe vinavyofungwa mdomoni mwa bomba ili kutoa mwanga. Vya zamani, alivyovihifadhi miaka mingi. "Mjukuu wangu, nitunzie hivi," alisema. "Siku hizi havipatikani." Nilivitia katika mfuko wa kifuani wa fulana yangu ya kazi, nikachukua mashine, nikaingia porini.

Ilisoma 700.

Nilipiga hatua kumi, ikasoma 700. Nilipiga mia moja, ikasoma 700. Kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimechomeka bendera nyekundu kwa urefu wa kilometa nne, nikijiona nimekanyaga mgongo wa mwamba ambao hata Kanada wangeuonea wivu. Nilipiga simu ya setilaiti ofisini kwetu Mbeya, na sauti yangu, kama nilivyoambiwa baadaye, ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Usiku ndipo furaha ilipogeuka hofu, kwa sababu nilipima ndani ya hema nikakuta 700. Nilihamisha hema hadi chini ya mninga: 700. Nikalihamishia karibu na gari: 700. Hapo nikakumbuka kwamba ndizi zina potasiamu, nikausogelea ule mkungu na mashine mkononi, na ilipokataa kushuka niliamuru, kwa lugha ya kitaalamu kabisa, kwamba mkungu ukawekwe mbali na kambi. Dereva aliubeba bila kusema neno, jambo ambalo kwa mtu wa Tukuyu ni ishara mbaya. Nyani waliumaliza kabla ya jua kuchomoza.

"Unahamahama kama kuku anayetafuta pa kutagia," mpishi alisema aliponiona nang'oa mambo za hema kwa mara ya tatu.

Mjiolojia mkuu wetu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alifika kesho yake jioni na spektromita, mashine inayoitenganisha mionzi kwa nguvu zake. Nilimtembeza kwenye bendera zangu nikieleza habari za Athabasca. Tuliporudi kambini alitazama kioo, akanitazama mimi, akarudi nyuma hatua tatu, akasogea tena.

"Urani haipo," alisema. "Hii ni thoriamu. Na ukisogea, inasogea."

Kabla sijajibu, mpishi alitokea na karabai mkononi. "Shikamoo mama, samahani. Mjukuu, nipe visoksi vyangu, giza linaingia."

Nikampa. Namba kwenye sintilomita yangu zikaanza kuporomoka kadiri mzee alivyoelekea jikoni, mpaka zikatulia kwenye 95. Mama alimfuata taratibu na spektromita yake, nami nikabaki nimesimama nikiutazama mgodi wangu ukiwashwa kwa kiberiti. Visoksi vya zamani, alinieleza baadaye, vilitengenezwa kwa oksidi ya thoriamu, kwa kuwa huvumilia moto mkali na kung'aa sana.

Kung'oa bendera kulinichukua siku nzima, maana wachimbaji wadogo wawili walikuwa wameshachimba hadi kiunoni kwenye bendera ya sita na walihitaji maelezo.

Dereva hakunitania hata mara moja njia nzima. Tulipoingia Chunya mjini alisimamisha gari mbele ya genge la ndizi, akazima injini, akaninyooshea kiganja.