Kujipima titi Lamu, na mkono wa muuguzi

Kila Oktoba, mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti, Lamu huletewa ujumbe ule ule: mwanamke, jipime matiti mwenyewe. Mafunzo yakiishia hapo, kwangu hayajafika. Lakini pia siwaungi mkono wanaosema tunyamaze mpaka mashine za kupimia zitufikie.

Hao wana hoja, tusiwadharau. Mwanamke wa Kizingitini, kisiwani Pate, akigusa donge leo, safari yake inaanza na boti, na boti husubiri maji yajae ndipo ipite mkondo mwembamba wa Mkanda. Akihitaji tiba ya mionzi, kuna kuvuka hadi gati la Mokowe, bara, kupanda basi, kisha Mombasa. Kumwambia tu "jiangalie" ni kumtwika hofu bila kumwonyesha pa kuitua. Tena kujipima peke yake kulishajaribiwa. Kule Shanghai wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo walifuatiliwa kwa miaka kama 10. Matokeo ya 2002 yalionyesha kuwa waliofunzwa kujipima walikufa kwa saratani ya matiti sawa na wasiofunzwa, ila walikutwa na vivimbe vingi zaidi visivyo na madhara.

Lakini kimya nacho kinaua. Donge la saratani mara nyingi haliumi mwanzoni, na kwetu kisichouma hakipelekwi hospitali. Mtu hukandwa, husomewa, hunywa kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa), hadi ngozi ya titi ivutike kama ganda la chungwa. Sina ugomvi na kombe, wala dua haimzuii mtu kwenda hospitali. Kinachoniuma ni ile miezi inayopotea.

Mumbai walifanya jambo jingine. Katika utafiti wa wanawake zaidi ya 150,000, wahudumu wa afya wa kike waliwapima kwa mikono nusu yao kila baada ya miaka 2. Matokeo ya 2021: saratani ziligunduliwa mapema zaidi. Kwa wote kwa jumla, tofauti ya vifo haikuthibitika, lakini kwa wenye miaka 50 kwenda juu vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Bila mashine!

Hilo Lamu tunaliweza, kwa sababu mambo ya mwili tumezoea kufunzwa na wanawake wenzetu, ndani, kwa sitara. Somo, yule mama anayemfunda bi harusi, hufanya nini kama si hicho? Nilihudhuria kikao kimoja mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Muuguzi alifunga mlango, akaweka ncha za vidole vitatu kwapani, akawa anazungusha vijiduara kuja hadi kwenye chuchu. Mama mmoja wa makamo akauliza, "Na sisi tulioacha kunyonyesha?" Akajibiwa, "Nyinyi hasa, mamangu. Umri ukizidi, hatari huzidi."

Kila mmoja alitoka na karatasi yenye siku ya kliniki na jina la muuguzi wa kike atakayemkuta. Mgeni mmoja kutoka Faza, kule kule Pate, aliisoma yake mara mbili, akauliza siku hiyo maji yatajaa saa ngapi.