Kungoja Tamthilia ni Kazi ya Kompyuta

Muulize yeyote anayejua mambo ya kompyuta jinsi ya kuifanya mashine ya nyumbani ivute vipindi vya televisheni bila kusimamiwa, na jibu litakuwa moja. Weka programu ya Sonarr, iunganishe na Prowlarr ya kutafuta na qBittorrent ya kupakua, halafu Jellyfin iwaonyeshe watu wa nyumbani. Mfumo huo umetengenezwa vizuri, hilo silipingi. Sonarr inajua kipindi kinatoka siku gani, inakisaka, inakipa jina na kukiweka kwenye folda ya msimu wake.

Sasa iambie ikuletee tamthilia ambayo shangazi yako haikosi jioni. Orodha ya vipindi inayotegemewa na Sonarr ni ya TheTVDB, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za vipindi vya televisheni, na huko tamthilia zetu nyingi ama hazimo kabisa au zimeingizwa nusunusu. Mfumo umejengwa kwa mtazamaji wa Marekani na Ulaya, halafu sisi tunauiga kama ulivyo, kisha tunashangaa diski imejaa vipindi ambavyo hakuna mtu nyumbani aliyeviomba. Na tusifichane, vingi kati ya hivyo ni vya wizi. Isitoshe, torenti, yaani njia ya watu kupeana faili wao kwa wao mtandaoni ambayo qBittorrent huitumia, hugawa huku ikipokea, kwa hiyo hata ukidhani unajichukulia tu, unawasambazia wengine.

Mimi naona njia ya hapa kwetu iko juu ya paa. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015, tukahamia mfumo wa kidijitali wa DVB-T2, na tangu hapo wengi wetu tumeichukulia antena kuwa kitu cha kutia kwenye king'amuzi basi. Ukinunua kifaa kidogo cha USB cha kunasa mawimbi hayo, ukakichomeka kwenye laptopu kuukuu yenye mfumo endeshi wa Linux na kuweka Tvheadend, programu ya kupokea na kurekodi televisheni, laptopu hiyo inakuwa mtazamaji asiyelala. Unaiandikia jina la kipindi mara moja tu. Kila kikitangazwa inakirekodi. Chaneli zilizofungwa kwa kadi hazitafunguka, ila za bure zinatosha kuanzia. Kabla hujatoa pesa dukani hakikisha kifaa kinasema T2, maana vingi vya bei rahisi ni vya DVB-T ya zamani na hapa havitanasa kitu.

Faida yake kubwa ni bando. Video inayokwenda kwa megabiti 5 kwa sekunde hula zaidi ya GB 2 kwa saa moja. Zidisha kwa jioni tano za wiki, halafu uongeze watoto na katuni zao. Antena haili bando hata kidogo. Na laptopu ina betri, kwa hiyo stima ikipotea kwa nusu saa rekodi inaendelea, mradi na mnara wa kurushia matangazo uwe hewani.

Tatizo linalonikera ni moja, nalo haliko kwenye kompyuta. Tvheadend hutambua vipindi kwa kusoma ratiba inayorushwa pamoja na mawimbi. Baadhi ya stesheni zetu huiacha ratiba hiyo tupu, nyingine huandika jina moja kuanzia asubuhi hadi usiku, na nyingine huweka ratiba nzuri kisha mahojiano ya wanasiasa yakachelewesha kila kitu. Rekodi inaanza katikati ya matangazo ya sabuni na kukatika pale pale binti anapomtaja baba wa mtoto. Dawa yake ni kuamrisha programu ianze dakika chache mapema na kuchelewa kufunga kwa dakika kumi na tano au zaidi. Pale ambapo ratiba haipo, rekodi kwa saa badala ya jina. (Na kumbuka mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane: habari za saa moja jioni ni 19:00. Ukiandika 01:00, shauri yako.)

Kwa nini tufike hadi kubahatisha dakika hivyo, wakati stesheni zenyewe zinaweza kuturahisishia? Mwaka 2008 shirika la utangazaji la Norwei, NRK, liliwatolea watu kipindi chake cha Nordkalotten 365 kwa torenti, bila kufuli lolote la kuzuia kunakili. Mwaka huo huo CBC ya Kanada ikafanya vivyo hivyo kwa kipindi chake kimoja. Yaani teknolojia tunayoihusisha na wizi ilitumiwa na wenye mali wenyewe. Redio nazo zimezoea siku nyingi kutoa podikasti, simu ya msikilizaji ikazivuta yenyewe kupitia mlisho wa RSS, yaani orodha inayoiarifu simu kila kipindi kipya kinapotoka. Televisheni zetu hatuziombi makubwa hivyo. Zijaze ratiba kwa usahihi, basi.

Najua hoja watakayoitoa wenye stesheni: anayerekodi huruka matangazo ya biashara. Ni kweli, huyaruka. Hofu hiyo ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Betamax, mashine za kurekodi televisheni kwenye kanda, na mwaka 1984 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si kuvunja hakimiliki ya mwenye kipindi. Uamuzi wa Marekani haumfungi hakimu wa Mombasa, lakini hesabu ya kibiashara ni ile ile. Aliye kwenye matatu saa moja na nusu jioni haoni tangazo wala kipindi. Akikikuta kimerekodiwa usiku, walau atajua kesho kisa kimefikia wapi, na Jumamosi akiwa nyumbani atakaa kutazama moja kwa moja, sabuni na yote.