Mradi wa sayansi ni wa mtoto au wa fundi wa umeme?

Mimi hii CBC, elimu ya umilisi ya shule zetu Kenya, au CBE kama waiitavyo siku hizi, siipingi. Wenye kuilaani kutwa mitandaoni waendelee tu, mimi nimesoma mfumo uliotangulia, 8-4-4, na nakumbuka tulivyokariri sehemu za ua bila kulishika ua lenyewe. Kinachonikera ni hii miradi ya sayansi, imekuwa mashindano ya wazazi, tena wazazi wenye pesa.

Muhula uliopita watoto wa gredi ya sita waliambiwa kila mmoja alete mradi. Basi grupu ya wazazi ya WhatsApp ikawaka moto, nani ajua karatasi kubwa za manila zapatikana duka gani, nani ana namba ya fundi, mara baba mmoja akatuma picha ya taa za trafiki zawaka nyekundu, njano, kijani, kazi safi kusema kweli, maana alimlipa fundi wa umeme. Taa za trafiki, Lamu! Mji huu njia ni za punda na mikokoteni, na punda wetu nyote mwamjua, husimama akitaka yeye. Halafu kuna zile volkano, kila mwaka hazikosekani. Siki na bekingi soda, povu latoka, watu wapiga makofi. Lile povu ni gesi ya kaboni dayoksaidi tu, changanya kwenye kikombe cha chai litatoka vile vile, huo mlima wa saruji na rangi ni pambo.

Mwanangu yeye alikuwa na swali. Bibi yake humhadithia kwamba zamani kwenye mabirika, yale matangi ya maji ya kujengwa ya nyumba za mawe hapa Mkomani, watu walikuwa wakitia visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, naye haamini, asema bibi anamtania. Nikamwambia hilo ndilo, kalijaribu. Akataka kwenda kuvua visamaki pale gatini, bibi yake akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Mjukuu wangu, huyo wa maji ya chumvi atakufa kisimani kabla hajamuona huyo mbu." Ikabidi aende kwa jirani ambaye birika lake la kale bado lina maji, akapewa viwili vitatu kwenye kopo.

Akachukua ndoo mbili, maji ya kisima kimoja, akaziweka kivuli kimoja uani, akaziacha wazi mpaka viluwiluwi vikatokea, akavigawa nusu kwa nusu, samaki akatia ndoo moja tu, zote akazifunika kwa chandarua kuukuu. Nikamuuliza mbona mbili, kwani moja haitoshi? "Mama, ikiwa moja nitajuaje ni samaki au vimekufa vyenyewe?" Wallahi nilinyamaza.

Na mimi nikajikuta nainama pale kila nikipita na nguo za kuanika. Vile vidude huning'inia juu ya maji kichwa chini, kwa sababu vinapumua kwa kijimrija kilichoko mkiani, ukipitisha kivuli cha mkono tu vyote vyazama kwa pamoja vikijinyonga nyonga, halafu kimoja kimoja chapanda tena kuvuta pumzi. Ndoo ya samaki asubuhi yake ilikuwa nyeupe pee. Ile nyingine vikanenepa vichwa, vikajikunja, mwisho tukaona mbu wamejaa chini ya chandarua watafuta pa kutokea. Yote kayaandika kwenye daftari, kwa ule mwandiko wake wa kuku.

Shuleni akaambiwa mradi haukupambwa, hauna manila, tena ndoo zalowesha meza. Wa kwanza akawa nani? Taa za trafiki. Mama mmoja akamuuliza yule mtoto umeme wapita wapi mpaka taa iwake, akamtizama babake.

Jamani, daktari Ronald Ross mwaka 1897 kule India alipoona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, alikuwa na hadubini na mbu wake, na daftari, basi. Pwani hii mbu hawatuletei malaria peke yake, wako pia wanaoleta matende na busha. Mabirika mengi yamevunjwa, siku hizi ni matangi ya plastiki na mitungi isiyofunikwa, samaki hamna, kwa hiyo swali la mwanangu ni swali la mji mzima.

Walimu nawaelewa, darasa limejaa na kinachong'aa ni rahisi kukipa alama. Lakini si mngemuita mtoto peke yake, mzazi abaki nje, mkamuuliza ulitaka kujua nini, ulifanyaje, uliona nini? Dakika tano zatosha, na fundi wa umeme hatakuwepo kumnong'oneza.

Nilisema hivyo kwenye mkutano wa wazazi. Baba mmoja akadakia, "Sasa wataka watoto waje na mbu shuleni?" Watu wakacheka, mwalimu akaandika kitu, sijui nini. Muhula huu mradi ni wa kutumia tena taka, na jana dukani nimemkuta mtu anunua katoni mbili za maji ya chupa, ati mwanawe ahitaji chupa tupu.