Glavu za ngozi zinazonuka: zifuliwe au zipanguswe tu?

Vua glavu za ngozi baada ya saa tatu za pikipiki juani, kisha uzinuse kwa ndani. Jasho bichi halina harufu kubwa. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaolila. Nao wamejificha kwenye bitana, hasa kwenye ncha za vidole, ambako kitambaa cha kupangusia hakifiki.

Wapo wanaosema ngozi isiguswe na maji kabisa. Hoja yao ina uzito. Ulaini wa ngozi unatokana na mafuta iliyotiwa wakati wa kusindikwa, na sabuni kali huyaondoa. Niliwahi kushika glavu iliyofuliwa kwa sabuni ya unga: kiganja kimekakamaa kama gome la mti, na pembeni mwa kidole gumba ufa mwembamba umefuata mshono. Ukianguka kwenye lami na glavu ya namna hiyo, mshono ndio utakaoachia kwanza.

Lakini wakishakataa maji, wanabaki kuficha harufu. Manukato huisha kesho yake. Friji huwalaza tu bakteria wengi. Glavu ikipata joto, wanaamka. Na chumvi ya jasho inabaki ndani ikiendelea kuikausha ngozi ileile wanayoihurumia.

Mimi niko upande wa maji, mradi yawe vuguvugu na sabuni iwe laini, ile ya ngozi. Zivae, usugue kiganja kwa kiganja kama unayenawa, kisha uzikamue kwa kuminya kuanzia vidoleni, bila kusokota. Maji ya kwanza hutoka rangi ya chai. Suuza mpaka yatakate. Wakati wa kuvua, vuta kila kidole kidogokidogo, maana bitana iliyolowa hung'ang'ania mkono na kutoka nje, na kuirudisha ni taabu tupu.

Naamini glavu nyingi zinazosemwa zimeharibiwa na maji zimeharibiwa na haraka ya kuzikausha: hita, jua kali. Ngozi mbichi kwa maji husinyaa ikipigwa joto. Ziache kivulini penye upepo hata siku mbili, uzivae kidogo zingali na unyevu zisipoteze umbo, ndipo upake mafuta ya ngozi. Zilizokwisha kupasuka usizifue, na lebo ikikataza maji, itii.

Siku hizi ndani navaa glavu nyembamba za pamba. Hizo nazifua kila jioni. Za ngozi huona maji mara moja au mbili kwa mwaka.