Mpira wa chakula haulistaafishi koo

Mgonjwa wa saratani ya koo au ulimi akiambiwa atawekewa mpira wa kulia chakula, unaopita puani au kwenye tundu la tumboni mpaka tumboni, nyumbani habari hupokewa kama tanzia. Wengi hukataa mpaka nguo zote zimewapwaya. Sisi tunasema mtu aliyeanza kukonda awekewe mapema, angali anatembea kwa miguu yake. Mionzi ya saratani hizi mara nyingi hupigwa siku tano kwa wiki, wiki sita hadi saba, na kufikia wiki ya tatu vidonda vya mdomoni huwa vinaungua. Asiyekula hulegea, akakosa siku za mionzi, na kila siku inayorukwa huipa saratani nafasi ya kuota tena. Hata ile barakoa ya plastiki inayoshikilia kichwa kwenye meza ya mionzi hupwaya mashavu yakibonyea, ikabidi itengenezwe nyingine ili mionzi isikose shabaha.

Kosa kubwa ni uji mwepesi. Mtu wa kilo 60 anahitaji kalori 1,800 hivi kwa siku. Lita mbili za uji wenye gramu 60 za unga kwa kila lita hazifiki kalori 450. Tumbo linajaa, mkojo unatoka vizuri, na mgonjwa anazidi kwisha. Ukizidisha unga, mpira unaziba.

Dawa yake ni kimea cha ulezi, yaani ulezi ulioota, ukakaushwa na kusagwa. Pika uji mzito unaogandia mwiko, epua, uache upoe kidogo (ukiwa wa kuchemka kimea hakitafanya kazi), kisha tia kijiko cha chakula cha unga wa kimea na ukoroge. Baada ya kama dakika kumi uji uleule unamiminika kama maziwa, bila kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke tena, maana unga wa kimea huwa na vijidudu. Hapo ongeza maziwa, yai lililochemka likaiva kabisa, siagi ya karanga laini, na kijiko cha chakula cha mafuta kwa kila mlo. Kijiko hicho peke yake kina kalori 120. Saga kwenye blenda, chuja kwa chujio la chai.

Mlo mmoja uwe mililita 250 hadi 300, mara sita kwa siku. Chomoa kisukumio cha bomba (sirinji) la mililita 50 au 60, lichomeke kwenye mpira, mimina chakula, kiache kishuke chenyewe kwa dakika 15 hadi 20. Ukikisukuma kwa nguvu, mgonjwa atatapika. Awe ameketi, na baada ya mlo asilale chali kwa muda wa saa nzima. Kabla na baada ya mlo pitisha mililita 30 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Chakula kilichokaa nje saa mbili kimwage. Ila aliyekaa siku tano au zaidi karibu bila kula asianze na kiasi hiki chote: chumvichumvi za damu zinaweza kushuka ghafla na kuusumbua moyo. Aanze na nusu au chini ya hapo, akiwa chini ya uangalizi wa hospitali.

Mpira ukiziba, mara nyingi kisa ni vidonge. Saga kila dawa peke yake, ikoroge na maji, pitisha maji kabla ya dawa inayofuata. Vidonge vinavyotoa dawa polepole visisagwe kabisa. Omba dawa ya maji badala yake. Mpira ukishaziba, tumia maji ya uvuguvugu na bomba kubwa, sukuma na kuvuta taratibu. Usitumie waya. Usimimine soda: tindikali yake hugandisha maziwa palepale.

Mpira wa puani uwekewe alama ya kalamu pale unapoingilia. Alama ikisogea, au mgonjwa akianza kukohoa na kuhema, usilishe. Huenda ncha imehamia kwenye njia ya hewa. Kupuliza hewa na kusikiliza tumboni si kipimo cha kuaminika. Wa tumboni ukichomoka, funika tundu kwa kitambaa safi uende hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache.

Na koo lisiachwe. Misuli ya kumezea isipotumika wakati wa mionzi hukakamaa, na wapo waliopona saratani lakini hawawezi kumeza ugali. Kama daktari hajakataza kwa sababu ya kupaliwa, mgonjwa anywe dawa ya maumivu, na nusu saa baadaye ameze mafunda machache ya maji, mara kadhaa kwa siku. Kinywa nacho kipimwe: vidole vitatu vikisimamishwa kati ya meno ya juu na ya chini vipite. Vikianza kukwama, mazoezi ya kupanua taya yaanze wiki hiyohiyo.

Mpira usiharakishwe kutolewa siku ya mwisho ya mionzi. Vidonda huendelea kuwa vikali kwa wiki moja au mbili zaidi. Subirini mpaka mgonjwa ale kwa mdomo pekee wiki mbili na mzani usishuke. Siku hizo zote, hata kama haupitishi chakula, mpira uendelee kupitishwa maji kila siku usije ukaziba.