Kupiga windo si kazi, kazi ni kuitumia

Fundi yeyote mwenye flashi anaweza kupiga windo mpya, yaani kuweka Windows upya, kwenye mashine ya kizee. Si jambo la kutamba, ingawa mimi nilitamba. Laptopu yangu ya mtumba, yenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo na RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 2, niliiwekea Windows 10 usiku mmoja, ikakubali bila kinyongo. Isingekataa: masharti rasmi yanataka GB 1 tu kwa toleo la biti 32, na GB 2 kwa la biti 64. Nikaipiga picha, nikairusha kwenye grupu la wenzangu.

Asubuhi nikaiwasha nifanye kazi. Nikabofya folda, taa ya diski ikawaka, haikuzimika tena. Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, ikoni zilikuwa zinajitokeza moja moja kama wajumbe wa kikao cha harusi. Nikachungulia Task Manager, inayoonyesha nini kinaelemewa: diski asilimia 100, prosesa hata 20 haijafika. Yaani yule niliyekuwa namsema kwa uzee amekaa tu, anasubiri kuletewa kazi.

RAM ikijaa, mfumo huhamishia mizigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka lazima ihangaike huku na huko kutafuta kila kipande. Nikafungua skrubu, nikaweka SSD, diski isiyozunguka, ya GB 120, nikaongeza RAM ikawa GB 4 na, hasira zikiwa bado hazijanitoka, nikaitoa Windows, nikapiga Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi. Sasa folda inafunguka hapo hapo.

Mkorofi kabaki mmoja: brauza. Mfumo ukitulia haumalizi hata GB 1, lakini tabo chache tu zinafagia iliyobaki. YouTube ndiyo balaa. Chipu ya picha ya zama zile haijui kufungua VP9, namna YouTube inavyobana video zake, kwa hiyo prosesa inabeba yote peke yake, na feni inavuma kama mashine ya kusaga.

Kinachonikera ni jinsi tunavyohesabu uzee. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambazo, kwa Intel, karibu zote zinaanzia kizazi cha 8. Laptopu ya 2015 yenye SSD na RAM ya kutosha bado inachapa kazi, ila kwenye karatasi ni marehemu.

Yangu kaichukua shangazi, anaandikia hesabu za duka kwenye LibreOffice, programu ya kazi za ofisi. Nilimwambia tabo mbili tu. Juzi kanipigia simu: "Baba, hii mashine yako mbona inanguruma?"

Alikuwa anaangalia taarabu.