Kijiji hakikufa kwa watu kuondoka

Kuna simulizi moja ya historia inayonichosha. Inasema mwanakijiji wa zamani alizaliwa, akalima na akazikwa palepale, kisha viwanda vikaja, vijana wakakimbilia mjini na kijiji kikafa. Ni simulizi tamu, ila inasahau kwamba vijiji vingi vilidumu kwa sababu watu wake walikuwa wakiondoka. Waliondoka kila mwaka, kwa msimu, na wakarudi.

Chukua Creuse, katikati ya Ufaransa. Ardhi yake ni duni na haikuwatosha watu wake. Kwa hiyo wanaume walishika njia kila Machi, kwa miguu, kwenda Paris kufanya kazi ya uashi, na wakarejea baridi inapoanza na ujenzi kusimama. Martin Nadaud, aliyekuja kuwa mbunge mwaka 1849, alitembea njia hiyo na baba yake mwaka 1830 akiwa na miaka 14. Pesa za Paris zililipa kodi na madeni ya ukoo, na zikibaki zilinunua kipande cha shamba kwa jirani. Kijiji chenyewe kilifuata kalenda ya waashi: harusi zilingoja kipupwe, na watoto wengi walizaliwa vuli, baba zao wakiwa bado juu ya majukwaa ya ujenzi.

Na nani alilima? Wanawake. Walipanda, wakavuna, wakachunga, wakakabiliana na wadai mlangoni. Ndiyo maana sipendi tunapomwita mwashi peke yake mhusika wa historia hii, eti kwa sababu yeye ndiye aliyesafiri. Bila aliyebaki, asingekuwa na pa kurudi.

Sisemi uhamaji wa msimu ulikuwa neema kwa kila mtu. Kusini mwa Italia wachungaji walishusha kondoo kutoka milima ya Abruzzo hadi tambarare za Puglia kila msimu wa baridi, wakipita njia za mifugo zenye upana wa zaidi ya mita 100. Mwaka 1447 mfalme Alfonso wa Aragon aliuweka utaratibu huo chini ya ofisi ya forodha ya kondoo, ambayo baadaye makao yake yakawa Foggia, na hazina ya mfalme ikanenepa. Milimani sufu ilijenga miji midogo yenye makanisa ya kifahari. Kule chini sehemu kubwa ya ardhi ilitengwa kwa malisho na kulima kukabanwa na sheria, basi vijiji vikawa vichache mno kwa eneo kubwa namna ile. Sheria ya mwaka 1806 ndiyo iliyouvunja utaratibu huo. Msimu uleule ulioushibisha mlima uliinyima tambarare watu wa kuishi.

Hata kwetu Afrika Mashariki, wapagazi wengi wa Unyamwezi wa karne ya 19 walipenda kwenda pwani baada ya mavuno na kurudi kabla ya kupanda. Huko nako jembe lilibaki kwa wanawake, na kwa watumwa pia, jambo ambalo wasimuliaji wa fahari ya misafara hulipita haraka. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi kwenye njia ile ilikuwa inaelekea ukingoni.

Reli ndiyo iliyomaliza na mchezo wa Creuse. Ungedhani treni ingemrahisishia mwashi kurudi nyumbani. Badala yake ilimrahisishia mke kumfuata. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1853, Haussmann, mkuu wa serikali katika mkoa wa Paris, alikuwa akiibomoa na kuijenga upya Paris, kazi ikazidi kuwa nyingi, na sababu za kurudi zikapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1851 Creuse ilikuwa na watu zaidi ya 280,000. Leo hawafiki 120,000.

Kwa hiyo nikisoma ripoti ya msafiri wa zamani anayelalamika kwamba kijiji fulani kimebaki na wazee na wanawake tu, jambo la kwanza ninalolitafuta ni mwezi aliopita pale. Angepita Creuse Julai ya mwaka 1840 angeandika kwamba pamekufa. Angerudi Januari, angekosa hata pa kukaa harusini.